Wembe Mpya, Kidole Kilekile

Wauguzi wapya wa kituo chetu waliniomba niwaandikie chochote kuhusu miaka yangu ya ukunga. "Hata kurasa mbili tu, Mama Nyangeta." Nilicheka. Mtu aliyekaa miaka thelathini na saba akisikiliza wanawake wenzake wakilalamikia kiungulia na miguu kuvimba hawezi kuishia kurasa mbili. Habari za vyeo nitaziruka, maana vingine vilinikuta nimechelewa na vingine havikunikuta kabisa. Mshahara mnaujua. Nitawaandikia habari za ngozi. Mtasema ngozi ina madaktari wake. Subirini.

Nilianza kazi katika zahanati moja ndogo karibu na Kisesa, binti wa Kijita kutoka kwetu Majita, mwembamba, na Kisukuma changu kilitosha kununulia nyanya tu. Aliyenipokea alikuwa mkunga wa siku nyingi, Mkerewe, watu wakimwita Sista Leokadia. Hakuwa mtawa. Alikuwa na watoto sita na mume mnene aliyependa kuja zahanati kuulizia chakula cha mchana. Nilitegemea siku ya kwanza anionyeshe mizani, kadi za kliniki, na kile kibomba cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Badala yake aliniambia nikunje mikono ya gauni ninawe. Nikakunja. Akautazama mkono wangu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, palipo na mistari miwili mifupi, myeusi, iliyoinuka.

"Nani alikuchanja?" akauliza.

"Ni miiba, Sista. Nilianguka nikiwa mdogo."

"Miiba ya kwenu inajua kutumia rula," akasema, akanipa sabuni.

Hakuniuliza tena, siku hiyo wala miaka yote tuliyokaa pamoja. Huo ndio uongo wangu wa kwanza kazini, nao niliusema kabla hata sijavaa glovu. Zilikuwa chale. Nilichanjwa utotoni nilipougua degedege, na niliziona aibu kwa sababu chuoni tulifundishwa kuwasema watu wenye chale, na mimi nilikuwa nimeshakuwa hodari sana wa kuwasema.

Sista Leokadia alikuwa na sheria moja: ngozi kwanza, kadi baadaye. Kadi imeandikwa na mtu, na mtu huchoka. Mjamzito akiingia, alimshika mikono yote miwili kama anayemsalimia, kumbe anasoma. Viganja vyeupe, damu imepungua. Vidole vimejaa, ampime presha mapema. Alama ya mkanda begani, hiyo ilisubiri mpaka mume atolewe nje. Na alipokuta chale mbichi hakuuliza kwa nini. Aliuliza nani kakuchanja, na kwa wembe gani. Nilipomuuliza sababu alinijibu akiendelea kukunja pamba. "Ukimuuliza kwa nini, atakutafutia jibu la kukupendeza. Ukimuuliza wembe gani, atakwambia wembe."

Siku hizo mikutano na redio zilikuwa zimewafikia watu. Kila aendaye kwa mganga aende na wembe wake. Akina mama walitujibu kwa fahari kabisa: wembe mpya, nesi, nimeununua mwenyewe na nimeufungua mwenyewe. Nikafurahi, nikawa naandika kwenye daftari langu "salama, salama." Leokadia akalisoma lile daftari, akanirudishia. Jumamosi iliyofuata akanichukua mpaka kwa mzee mmoja mganga, nje kidogo ya Kisesa, tukaenda na shikamoo zetu na kilo ya sukari, tukaomba kukaa tu tutazame.

Walikuja watu saba. Yule mzee alikuwa msafi, nguo yake imenyooka kuliko yangu. Kila mtu alitoa wembe wake uliofungwa bado kwenye karatasi, mzee akachanja taratibu. Kisha akachovya kidole kwenye kifuu chenye unga mweusi wa dawa, akakisugua kwenye zile chale zinazotoka damu. Mtu wa pili akaja na wembe wake mpya. Kidole kikarudi kwenye kifuu. Wa tatu, wa nne, mpaka wa saba, kidole kilekile na kifuu kilekile. Mimi sikuona kitu. Nilikuwa nahesabu nyembe.

Njiani Leokadia akasema, "Wembe wamejifunza. Kidole bado."

Wiki ile ile alirudi kuzungumza naye, wakakubaliana dawa igawanywe kwenye vipande vya karatasi kabla mtu wa kwanza hajachanjwa, na kila mtu ajipake mwenyewe. Mzee alikuwa msikivu. Nimefanya kazi na wasomi ambao ungewaambia jambo hilo hilo wangekuomba uliandikie barua. Nami nikafuta "salama" zangu zote kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Baada ya miaka mingi nilihamia kituo kimoja cha afya upande wa Nyakato, kule kwenye viwanda na nyumba za wafanyakazi. Chale zikapungua. Nikadhani somo la Leokadia limestaafu kabla yangu. Halafu zikaja tatuu.

Zilianza na maua madogo begani. Yakafuata majina ya wapenzi, halafu majina ya wapenzi yaliyochorewa mti juu yake ili yasisomeke. Nilikuwa na mama mmoja, mcheshi, aliyechorwa kipepeo karibu na kitovu akiwa msichana wa kiuno chembamba. Kila mwezi alipolala kitandani nipime tumbo, kipepeo kilikuwa kimekua. Mwezi wa nane kilikuwa popo. "Nesi, kitarudi?" akaniuliza. Nikamwambia kitarudi, ila asitegemee kirudi kijana. Yeye hakuwa na shida yoyote. Tatuu ya zamani iliyopona haimdhuru mama wala mtoto, na msimtishe mtu kwa hiyo. Mwambieni tu, kama iko kiunoni kwa nyuma, aiseme mapema, maana akihitaji kupasuliwa ile sindano ya ganzi ya mgongoni huingia hapo hapo, na mtu wa ganzi atatafuta penye ngozi tupu. Mchoro mbichi unaotoa majimaji mahali pale unawapa kazi wasiyoihitaji.

Piko nayo muiangalie. Hina ya majani sina ugomvi nayo, lakini ile nyeusi inayokauka upesi kwa ajili ya sherehe za sendoff huchanganywa na rangi ya nywele, na nimeona mikono iliyotoka malengelenge ikafuata ua moja moja, jani moja moja, kama ramani. Mjamzito ngozi yake hukasirika haraka. Aache.

Sasa nifike kwa Kabula.

Kabula alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba. Nilimzalisha mapacha wake, Kulwa na Doto, na ndiyo sababu alipopata mimba nyingine alikuja kwangu. Alianza kliniki ya miezi mitatu kama inavyotakiwa. Tukampima damu, virusi vya UKIMWI, kaswende, homa ya ini, vyote safi. Akacheka akaniambia huyu wa sasa hana shida ya jina. Na kweli. Kwa Wasukuma anayewafuata mapacha ni Shija, awe wa kike au wa kiume. Jina linamsubiri mlangoni.

Alipokuja na mimba ya miezi mitano alikuwa amevaa sweta. Mwanza, mwezi wa kiangazi, saa tano asubuhi. Nilikuwa peke yangu, mwenzangu ana mgonjwa, na benchi lilikuwa limejaa mpaka nje. Nikamshika mikono, na mkono wa kulia ukawa wa moto. Nikavuta sweta. Ndani ya mkono, kutoka kwenye kiwiko kushuka, palikuwa na majina matatu kwa herufi za kujikunja: Kulwa, Doto, Shija. Yalikuwa na siku tisa. Shija alikuwa amevimba, anang'aa, pembeni panatoka majimaji ya njano.

Hapa ndipo nataka mnisikilize, wadogo zangu. Nilijua la kuuliza. Nilikuwa nimelijua kwa zaidi ya miaka thelathini. Lakini nilikuwa nimechoka, nikaogopa, na mimi nikiogopa huwa nafoka.

"Kwa nini?" nikasema, kwa sauti ya benchi zima. "Kabula, kwa nini? Umemwandika mtoto ambaye hata hajazaliwa. Ukimuua na huo wino wako, utamfuta na nini?"

Wawili watatu wakacheka. Kabula alishusha sweta, akachukua kadi yake mezani, akatoka kabla sijampima tumbo. Nilidhani amekwenda kujisaidia. Nilipotoka kumwita alikuwa ameshavuka barabara.

Mwezi uliofuata hakuja. Kwenye kituo tulikuwa na kisanduku cha majina ya waliokosa tarehe, na kila nilipokifungua jina lake lilikuwa juu. Nilijua kilichokuwa hatarini, na sikuwa na wa kugawana naye mzigo huo. Kama sindano au wino ule ulikuwa na damu ya mtu mwingine, Kabula angeweza kuwa amepata homa ya ini au virusi vya UKIMWI baada ya vile vipimo vyake safi, na kadi yake ingeendelea kusema safi. Magonjwa hayo tukiyajua kabla ya kuzaa, tuna dawa na kinga za kumwokoa mtoto. Tusipoyajua, mtoto anayapokea kimya kimya. Na aliyemfukuza mama yake kliniki alikuwa mimi. Nililala vibaya wiki ile, nasema ukweli.

Nikaanza na mchoraji, maana mtaa ule ulikuwa na mmoja tu. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, jina lake Deo, ana kibanda karibu na saluni, spika ya muziki nje na michoro ya simba na misalaba ukutani. Niliingia na gauni langu la kazi makusudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unachora kwa sindano gani?"

Nadhani alitegemea matusi. Swali lilimpendeza. Akafungua droo akanionyesha sindano zilizofungwa moja moja, glovu, spiriti, na mashine aliyoiunda mwenyewe kwa mota ya deki ya video ya zamani. "Kila mteja na sindano yake, mama. Namfungulia mbele ya macho yake, halafu naitupa. Mimi si wa kienyeji."

Alikuwa nadhifu kweli, nikajiona mjinga na hasira zangu. Nikawa nageuka kuondoka, ndipo nikaona mezani kifuniko cha chupa ya soda chenye wino mweusi.

"Na hiki?"

"Huo wino. Namimina asubuhi, mpaka jioni unakuwa umeisha. Wino mzuri hapa Mwanza ni shida, siwezi kumwaga."

"Sindano ikitoka kwenye ngozi inachovya hapo?"

"Inachovya, sasa itachovya wapi?"

Nilikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Nikamsimulia habari za yule mzee wa Kisesa, watu saba, nyembe saba, na kidole kimoja. Deo alizima muziki.

"Kwa hiyo mimi ndiyo yule mzee," akasema.

"Ndiyo wewe. Ila yeye hakuwa na spika."

Nikamuuliza kuhusu dada aliyechorwa Kulwa, Doto na Shija. Alimkumbuka. Siku ile Kabula alikuwa mteja wa tatu, au wa nne. Wino ulikuwa wa asubuhi.

"Alikuwa mjamzito, Deo."

"Hakuniambia."

"Hukumuuliza."

"Mama, mimi hapa nikimuuliza mwanamke kama ana mimba, halafu awe hana, si ananichapa?"

Nikakubali kwamba hilo nalo ni tatizo. Alikuwa akimfahamu mume wa Kabula, Masanja, dereva wa bajaji anayeegesha pale pale jirani, akatoka kwenda kumwita. Masanja alikuja amekunja uso. Alisema Kabula yuko Kisesa kwa mama mkwe wake, mkono ulipoa ukarudi kuvimba, kliniki amekataa kusikia, na mama anamtafutia dawa.

"Dawa gani?"

Masanja alitazama viatu vyake. "Za kuchanja, nesi. Ili usaha utoke."

Tulikwenda na bajaji yake mchana ule ule. Njiani alikuwa akiongea na kioo cha mbele zaidi kuliko na mimi. Wazo la majina lilikuwa lake, alisema. Aliona mapacha wakiandikwa, akaona haya kumwacha Shija nje, asije akakua akauliza. Nikamwambia ni wazo la baba mwema, ila lingengoja miezi michache. Akasema, "Ndiyo, nesi," kama mtoto wa shule, nikamwonea huruma.

Mama Masanja alikuwa uani. Mapacha wanakimbizana na kuku. Kabula amekaa kwenye mkeka, mkono wa kulia umelazwa juu ya khanga, na kando yake kuna sinia. Kwenye sinia palikuwa na kichupa cha unga mweusi na wembe ambao haujafunguliwa.

"Mwadila," nikasalimia, Kisukuma changu kimekua kidogo.

"Mwadila." Mama Masanja aliliona gauni langu, akaunyanyua ule wembe juu nishuhudie. "Wembe mpya, nesi. Sisi si washamba."

"Naona, mama. Na kidole?"

Alikitazama kidole chake. Kisha akanitazama mimi, kwa makini, kuanzia viatuni.

"Maneno hayo niliwahi kuyasikia," akasema. "Kwa yule Mkerewe aliyenizalisha huyu Masanja. Mkali."

"Ndiye aliyenifundisha."

Akaurudisha wembe kwenye sinia taratibu, akalisukuma sinia mbali kwa mguu, akasema anakwenda kuchemsha uji. Nilimshukuru Leokadia moyoni. Ana miaka yake kaburini na bado anafanya kazi zamu ya mchana.

Kabula hakuwa amenitazama hata mara moja. Nilikaa kwenye mkeka, kazi ambayo magoti yangu huifanya kwa manung'uniko, nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Nilimwambia yale niliyosema mbele ya watu sikuwa na haki ya kuyasema. Aliendelea kuchora chora chini kwa kijiti. Basi nikakunja mkono wa gauni, wa kushoto, nikauweka karibu na wake.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Chale. Nilichanjwa na bibi yangu, mama yake baba. Tulikuwa wajukuu tisa, kijiji kina degedege, wembe mmoja, na kidole chake kwa wote. Sista Leokadia aliniuliza siku yangu ya kwanza ya kazi. Nikamwambia ni miiba."

Kabula alizitazama zile chale. Zimenyooka, sambamba, urefu sawa.

"Miiba?"

"Miiba."

Alianza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mwili mzima mpaka akashika tumbo, na katikati ya kicheko akalia. Niliacha alie. Alisema kila mtoto alipocheza tumboni alikuwa anasikia ile sauti yangu ikiuliza atamfuta na nini. Sina la kuongeza hapo. Nilistahili kulisikia.

Aliponyamaza nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza tangu mwanzo. "Nani alikuchora, na wino ulikuwa wa nani?" Akanieleza yote, hatua kwa hatua, mpaka rangi ya kitambaa alichofutiwa damu.

Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Daktari alimwandikia dawa za kidonda zinazomfaa mjamzito, tukamsafisha, tukampima joto. Kisha vipimo vya damu. Mnavijua vile vijiti: tone la damu, tone la dawa, unasubiri. Mstari mmoja, hakuna kitu. Mistari miwili, kaa chini tuongee. Nimevisoma maelfu nikila karanga. Siku ile karanga sikuzigusa. Mstari mmoja. Cha homa ya ini, mstari mmoja. Nikamweleza Kabula ukweli wote, kwamba mstari wa leo haujatosha, magonjwa haya hujificha wiki kadhaa kabla ya kuonekana, na lazima arudie kabla ya kuzaa. Akasema sawa. Hakukosa tarehe tena.

Wiki ile Deo naye alikuja kupima, kwa hiari yake. Kwa bahati mbaya alichagua siku ya kliniki ya wajawazito, akabanwa katikati ya benchi na mkoba wake kwapani. Mama mmoja akamgeukia kwa upole, "Kaka, una miezi mingapi?" Benchi lote lilikwisha kwa kicheko. Deo akajibu kwamba ni wa kwanza, anaomba wenye uzoefu wamsaidie. Majibu yake ni yake, siyaandiki hapa, ila niwaambie alitoka anapiga mluzi.

Kabula alipokaribia miezi tisa tulirudia vipimo. Huo ndio uliokuwa mtihani wenyewe. Nilipima tumbo kwanza, nikasikiliza moyo wa mtoto, unakwenda vizuri kabisa, na hilo lilinizidishia hofu badala ya kunipunguzia. Nikaweka tone la damu. Kabula alikuwa akitazama ukuta, mimi natazama kijiti, Masanja mlangoni anatutazama sisi. Dakika zile niliahidi mambo mengi kwa Mungu, mengine sijayatimiza.

Mstari mmoja. Nikasubiri muda wote uishe, nikasogea dirishani kwenye mwanga. Mstari mmoja. Cha pili, mstari mmoja.

"Shija mzima," nikasema. Masanja aliondoka mlangoni bila kuaga. Baadaye nikasikia bajaji inapiga honi peke yake pale nje, imesimama, haiendi popote.

Shija alizaliwa saa nne asubuhi, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, mwenye kelele. Alikuwa mmoja wa watoto wangu wa mwisho kabla ya kustaafu. Mkono wa Kabula ulipona, ila kidonda kilikula herufi za mwisho, ikabaki Kulwa, Doto, na "Shi." Miezi kadhaa baadaye alipimwa tena kwa mara ya mwisho, wakati huo mimi nimeshapewa khanga, saa ya ukutani na hotuba ndefu. Muuguzi wa zamu alinipigia simu kwa ruhusa ya Kabula. Safi.

Juzi nilipita Nyakato nikasikia ugomvi kibandani kwa Deo. Siku hizi ukutani ana kipande cha boksi kimeandikwa kwa kalamu nene: MJAMZITO HATUCHORI, ANAYENYONYESHA HATUCHORI, USIONE AIBU KUSEMA. Kabula alikuwa amekaa kwenye kiti, Shija mapajani.

"Mwambie, nesi," akanidaka. "Mwanangu anaitwa Shi. Watu wananiuliza ni Mchina? Herufi mbili tu, anakataa."

"Ananyonya bado," Deo akasema bila kuinua kichwa. Alikuwa akimchora ndugu mmoja mnene bendera begani. "Akiacha ziwa njoo."

"Nesi, huyu umemharibu."

"Mimi nimestaafu," nikasema, nikavuta kigoda.

Wakati tunabishana, Shija, aliyekuwa amefika umri wa kushika kila kitu, aliinama mezani akatumbukiza kidole kwenye kikombe kidogo cha wino. Kilikuwa cha mteja yule mnene, kimejaa, kimetoka kufunguliwa. Deo alizima mashine. Alikichukua kile kidole akakifuta mpaka kikawa safi, akakikagua pande zote kama hakina mkwaruzo. Kisha akakibeba kikombe na kukimwaga chote nje, akavua glovu, akanawa, akafungua kingine.

"Deo, kakigusa tu mtoto," ndugu mnene akalalamika. "Kidole chenyewe kidogo hivyo."

"Kidole ni kidole," Deo akasema, akavaa glovu mpya.